Teke la .44 Magnum Hupunguzwa Mezani

Mtu akinunua rivolva ya .44 Magnum, mara nyingi huijaza risasi kali kuliko zote za dukani na kwenda nayo moja kwa moja uwanjani. Baada ya silinda mbili kiganja kinawaka, kifundo cha mkono kinauma, na risasi za mwisho zinaangukia mbali na shabaha kuliko za kwanza. Anahitimisha kwamba hana nguvu za kutosha, au kwamba bastola ile iliumbiwa watu wa miraba minne. Yote mawili si kweli. Kilichomshinda ni risasi aliyoichagua, na risasi ni kitu ambacho mtu anaweza kukipangia nguvu mwenyewe akijifunza kuijaza kwa mikono yake.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, mwenye haki ya kumiliki silaha, anayewinda au anayependa kulenga shabaha. Hoja yake ni moja: teke la rivolva hudhibitiwa kwanza kwenye meza ya kujazia, halafu kwenye uzito wa bastola na mpini wake, na misuli huja mwisho. Anayeufuata mpangilio huo atapiga vizuri hata kama mikono yake ni midogo. Anayeugeuza atajifundisha kuogopa bastola yake mwenyewe.

Sheria kabla ya vifaa

Sheria ya shirikisho ya Marekani humruhusu mtu kujaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni, lakini anayezitengeneza kwa biashara lazima awe nayo. Kwa hiyo usimuuzie jirani hata kisanduku kimoja. Majimbo na miji huongeza masharti yao, na mikataba ya nyumba za kupanga nayo mara nyingi huzungumzia baruti. Soma yote hayo kabla hujanunua mashine.

Kwa wahamiaji kuna jambo zito zaidi. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi, hata moja, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyoandikwa, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, mradi hana makosa yanayomzuia. Hatia ya silaha inaweza kumfukuzisha mtu nchini, kwa hiyo muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize rafiki wa uwanjani.

Na unapokwenda nyumbani kwa likizo, pekua mifuko na begi lako vizuri. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, sura ya 114, na huko mambo haya yote yako mikononi mwa mamlaka ya leseni. Ganda tupu lililosahaulika kwenye mfuko wa koti linatosha kukuzuia uwanja wa ndege. Haya ninayoyaeleza hapa ni ya mahali yanaporuhusiwa tu.

Teke linatoka wapi

Kichwa cha risasi kinaposukumwa mbele, bastola husukumwa nyuma kwa msukumo ulio sawa. Gesi ya baruti nayo hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kubwa kuliko kichwa chenyewe, na msukumo wake huongezwa juu yake. Ukijumlisha msukumo wa kichwa na wa gesi, kisha ukagawanya kwa uzito wa bastola, unapata kasi ambayo mpini unaingia nayo kiganjani. Nguvu ya teke huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo, na hapo ndipo penye siri yote.

Chukua mfano. Rivolva ya chuma yenye mtutu mrefu ina uzito wa karibu kilo 1.36. Risasi kamili ya .44 Magnum hurusha kichwa cha greni 240, sawa na gramu 15.6, kwa futi 1,350 hivi kwa sekunde, yaani mita 411. Ukipiga hesabu pamoja na gesi, teke linakuja karibu jouli 25. Sasa kiache kichwa kile kile katika bastola ile ile, ushushe kasi hadi futi 1,000 kwa sekunde, mita 305. Teke linashuka hadi karibu jouli 11. Kasi imepungua kwa robo, teke limepungua kwa zaidi ya nusu. Ukishuka tena hadi futi 750, kiwango cha kawaida cha .44 Special, risasi fupi iliyoitangulia Magnum, unabaki na jouli 5 au 6, kiasi ambacho karibu kila mtu mzima anaweza kukivumilia siku nzima.

Uzito wa bastola nao una hesabu yake. Zipo rivolva za .44 Magnum zilizoundwa kwa aloi nyepesi ili mtu azibebe mlimani bila kuchoka, nazo zina uzito wa gramu 730 hivi. Risasi ile ya jouli 25 ukiitia humo, teke linapanda hadi jouli 47. Bastola iliyo rahisi kubeba kutwa nzima ndiyo ngumu kuliko zote kuifyatua, na anayeinunua kwa ajili ya kujikinga na dubu Alaska anapaswa kulijua hilo kabla hajalipa. Ukitia risasi ya futi 1,000 katika bastola hiyo nyepesi, teke ni jouli 20, bado pungufu ya risasi kamili katika bastola nzito. Uamuzi wa mezani unaweza kufidia uamuzi wa dukani.

Risasi ya katikati ina historia

Wengine huiona risasi iliyopunguzwa kuwa ya watoto. Historia ya kaliba hii inasema vingine. Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, kwa miaka mingi alijaza .44 Special kwa nguvu iliyopita ile ya kiwandani, kichwa cha greni 250 kikienda karibu futi 1,200 kwa sekunde, akiwinda nayo na kuiandikia makala. Ni yeye aliyevisukuma viwanda vya Remington na Smith & Wesson, na mwishoni mwa 1955 .44 Magnum ikatoka. Kiwanda kilipita hata kile alichokuwa akikitumia. Maana yake ni kwamba mtu aliyeipigania kaliba hii aliwinda kwa miaka mingi na risasi iliyo chini ya Magnum ya leo.

Ganda la Magnum lilifanywa refu kuliko la Special kwa milimita 3 hivi, ili lisiingie kwenye bastola za zamani zisizohimili shinikizo lake. Kiwango cha juu cha .44 Magnum ni pauni 36,000 kwa inchi ya mraba, ilhali .44 Special ni 15,500. Kwa hiyo risasi ya Special huingia na kufyatuliwa salama katika bastola ya Magnum, lakini Magnum haiingii kwenye bastola ya Special, na usiilazimishe.

Kufyatua Special nyingi katika Magnum kuna kero moja. Mbele ya ganda fupi hujengeka pete ya masizi ndani ya tundu la silinda, na maganda marefu yakija baadaye hukwama. Isugue kwa brashi kabla ya kurudi kwenye Magnum. Anayejaza mwenyewe anaikwepa kero hii kwa kutumia maganda ya Magnum na kuyatia nguvu ya chini, kwa vipimo ambavyo kitabu kimevitoa kwa ganda hilo.

Nidhamu ya meza

Sitaandika hapa kipimo hata kimoja cha baruti, na nakuomba usikubali kipimo ulichoambiwa kwa mdomo na mtu yeyote. Vipimo viko kwenye vitabu vya Hornady, Lyman, Speer na Sierra, na kwenye majedwali ya watengenezaji wa baruti kama Hodgdon. Nunua angalau viwili, linganisha, uanzie na kipimo cha kuanzia cha baruti ile ile na aina ile ile ya kichwa. Baruti mbili zenye rangi na chembe za kufanana zinaweza kutofautiana mno kwa kasi ya kuungua.

Kosa kubwa la anayetaka teke dogo ni kuchukua baruti inayoungua polepole, ile ya risasi kamili, na kuipunguza. H110, ambayo wawindaji wengi wanaipenda, imeandikiwa onyo na mtengenezaji wake kwamba isishushwe chini ya kiwango chake ila kwa kiasi kidogo sana. Ikipungua mno huungua ovyo, na kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu. Risasi nyepesi hutengenezwa kwa baruti inayofaa risasi nyepesi. Kitabu kitakuonyesha ni ipi. Kichwa cha madini ya risasi kinafaa zaidi kwa kasi ndogo kuliko kilichofunikwa kwa shaba, kwa sababu hupita mtutuni kwa urahisi.

Hatari ya upande wa pili ni kutia baruti mara mbili katika ganda moja. Ganda la .44 ni pana, na baruti ya kuungua haraka inachukua nafasi ndogo ndani yake, hivyo vipimo viwili vinaweza kukaa bila kumwagika. Ukiwa na hiari, chagua baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo kipimo cha pili kingefurika na kujionyesha chenyewe.

Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Kagua kila ganda. Lenye ufa mdomoni, au mng'aro wa ajabu karibu na kitako, litupe.
2. Lipitishe kwenye kalibu (die) ya kurudisha umbo. Kalibu ya kabidi haihitaji mafuta kwa maganda yaliyonyooka kama ya .44, na hapo hapo inasukuma nje fataki (primer, kiwashio cha kitakoni) iliyokwisha kutumika.
3. Pachika fataki mpya hadi ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Ipitishie kidole. Fataki iliyotokeza husugua fremu na kuzuia silinda isizunguke.
4. Panua mdomo wa ganda kidogo sana, kiasi cha kichwa kuanza kuingia bila kukwaruzwa.
5. Tia baruti, kisha yapange maganda kwenye kibao chenye matundu. Shika tochi, umulike kila ganda ndani. Macho hutambua haraka ganda ambalo baruti yake imepanda au imeshuka kuliko wenzake. Pima machache kwa mizani uliyoihakiki kwa uzito unaojulikana.
6. Kandamiza kichwa hadi mfereji wake ulingane na mdomo wa ganda.
7. Bana mdomo uingie kwenye mfereji, katika hatua ya pekee yake.

Weka chombo kimoja tu cha baruti mezani, na ukimaliza kirudishe kabla hujafungua kingine. Usimimine baruti kwenye chupa nyingine wala fataki kwenye kopo. Vyote vikae katika pakiti zake, mbali na moto, vimefungwa watoto wasivifikie. Usile wala usivute sigara hapo. Madini ya risasi hubaki vidoleni na kwenye vumbi la maganda, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula au kumbeba mtoto. Zima redio na simu. Mtu akiingia kuzungumza nawe ukiwa katikati ya hatua ya tano, simamisha kazi, na ukirudi mwaga baruti ya ganda ulilokuwa nalo uanze upya.

Kila kisanduku kiwe na karatasi: tarehe, baruti na kipimo, kichwa na uzito wake, fataki, urefu wa risasi nzima. Risasi isiyo na maelezo ivunjwe.

Mahali risasi na teke hukutana

Hatua ya saba inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo teke lenyewe linaweza kuiharibu risasi ambayo bado hujaifyatua. Bastola inaporuka nyuma, maganda yaliyobaki kwenye silinda huvutwa nyuma pamoja nayo, kwa kuwa kingo za vitako vyake zimeshikwa. Vichwa vilivyomo hutaka kubaki vilipokuwa. Kama ganda halikukishika kichwa barabara, kila mfyatuo hukivuta nje kidogo. Baada ya mifyatuo mitatu au minne, ncha ya kichwa inatokeza mbele ya silinda, inagonga fremu, na silinda inagoma kuzunguka. Kwa mlenga shabaha hiyo ni kero. Kwa aliye na dubu mbele yake huo ni msiba.

Kinachokishika kichwa kwanza ni mbano wa ganda zima. Ganda lirudishwe umbo vizuri, na mdomo usipanuliwe kupita kiasi. Kubana mdomo ni msaada wa pili, wala hakuwezi kuokoa ganda lililolegea. Maganda yawe na urefu mmoja, maana ganda refu litabanwa sana na fupi litabanwa kidogo hata kama kalibu haijaguswa. Mdomo ulipobanwa vizuri, kidole kikipita huhisi ukingo umezama ndani ya mfereji, bila uvimbe chini yake. Uvimbe ukiwepo, umebana kupita kiasi, na risasi hiyo inaweza hata kukataa kuingia tunduni.

Usikisie, jaribu. Jaza silinda, na risasi ya mwisho uipime urefu kwa kalipa kabla ya kuitia, uandike. Itie alama ya kalamu kitakoni. Fyatua zile nyingine zote, kisha itoe hiyo uipime tena. Kama urefu haukubadilika, risasi yako imeshikwa vizuri kwa bastola hiyo. Kama umeongezeka, rudi mezani, uanzie kwenye mbano wa ganda kabla hujagusa kalibu ya kubana. Rudia jaribio hili kila unapobadilisha kichwa, ganda au bastola, na hasa unapohamia bastola nyepesi, kwa kuwa teke lake huvuta zaidi.

Mpini na namna ya kushika

Mpini mbaya huifanya risasi ya wastani iume kama Magnum. Tazama nafasi iliyo nyuma ya kilinda kifyatulio. Kwenye rivolva nyingi nafasi hiyo iko wazi, na teke hukigonga kifundo cha kidole cha kati mpaka kinavimba. Mpini wa mpira unaoijaza nafasi hiyo na kuufunika mgongo wa chuma hubadilisha kila kitu. Kwenye rivolva za kizamani za kuvuta nyundo kwa kidole gumba, mpini wenye mkunjo mkubwa huzunguka kiganjani bastola inapopanda. Wengine wanaupenda mzunguko huo kwa sababu unapunguza pigo. Wengine hupendelea umbo la Bisley, linalosimama wima zaidi na kusukuma nyuma badala ya kuzunguka. Shika yote mawili dukani kabla hujaamua.

Mkono wa kufyatulia upande juu kwenye mgongo wa mpini, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono. Mkono wa pili uzifunge nafasi zilizobaki, vidole vyake vikivibana vidole vya mkono wa kwanza. Gumba moja likae juu ya jingine, yote mawili nyuma ya silinda. Hapa aliyezoea bastola ya magazini lazima ajizuie. Gumba lililonyooshwa mbele hufika kwenye mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, ambako gesi ya moto hutoka ubavuni kwa kila mfyatuo. Kwa kaliba kubwa kama .460 na .500 za Smith & Wesson, gesi hiyo inaweza kukata kidole vibaya. Kwa sababu hiyo hiyo usiegemeze mbele ya bastola kwenye mkono wa pili, na anayesimama karibu nawe asikae sambamba na silinda.

Viwiko vikunjwe kidogo. Shika kwa nguvu ambayo haitabadilika unapovuta kifyatulio, kwani mkono unaobanwa ghafla mwishoni ndio unaoipotosha risasi. Acha bastola ipande, kisha uirudishe. Kupambana nayo isipande ni kuanza kusukuma kabla haijalia.

Weka vizibo ndani ya masikio na vikinga masikio juu yake, vyote viwili kwa pamoja. Mlio wa Magnum unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuudhuru usikivu, na uharibifu huo hauponi. Sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita teke ni mlio na mwako. Ukiyakinga masikio vizuri, bastola ile ile inaonekana imetulia. Miwani ya usalama isikosekane. Mtutu wenye matundu ya gesi hupunguza kupanda kwa bastola, lakini huongeza kelele kwa mwenyewe na kwa jirani, na kwa mwindaji asiyevaa kinga msituni hilo ni jambo la kupima sana.

Kushtuka, na dawa yake

Adui mkuu wa mfyatuaji wa kaliba kubwa ni kushtuka kabla ya mlio. Mwili umejifunza kwamba kifyatulio kikifika mahali fulani patatokea kishindo, nao unajihami mapema: macho yanafumba, kifundo kinasukuma chini. Mwenye tatizo hili kwa kawaida halijui, maana mlio na mruko wa bastola vinaficha kila kitu.

Rivolva ina kipimo cha tatizo hili kilicho rahisi kuliko cha bastola nyingine yoyote. Changanya risasi hai na risasi bubu za mazoezi kwenye silinda, bila kufuata mpangilio. Vizuri zaidi akujazie mwenzako. Mtutu ukielekea shabaha wakati wote, funga silinda bila kutazama, ulenge, uvute. Nyundo ikiangukia risasi bubu, tazama shanga ya mbele ya mtutu. Ikitulia mahali pake, umepona. Ikiinama, hilo ndilo lililokuwa likizipeleka risasi zako chini ya shabaha. Mwenzako akupige video kwa simu kutoka nyuma ya mstari. Wengi hawaamini mpaka wajione.

Dawa ni kushuka. Rudi kwenye bastola ya .22, au kwenye risasi zako za futi 750, uvute kifyatulio polepole mpaka mlio ukukute ukiwa bado unalenga. Nyumbani fanya mazoezi ya bastola tupu, risasi zote zikiwa chumba kingine, ukilenga ukuta unaoweza kuzuia risasi. Panda ngazi pale tu mtutu wako hauinami nyundo ikiangukia risasi bubu. Anayejilazimisha kupita kwa kufyatua Magnum zaidi anakazia woga mwilini.

Siku ya uwanjani

Anza na risasi nyepesi, silinda moja au mbili. Zifuate za katikati, ndizo nyingi za siku. Zile kamili zije zikiwa chache, kisha umalizie na nyepesi tena, ili mkono uondoke na kumbukumbu ya mfyatuo mzuri. Acha kabla hujachoka; kifundo kikianza kuuma, siku imekwisha. Maumivu ya mishipa ya mkono yanayopuuzwa yanaweza kumsumbua mtu miezi mingi.

Mtu anayefyatua kaliba kubwa kwa mara ya kwanza atiliwe risasi moja tu kwenye silinda. Teke linapomshangaza, vidole hubana bila yeye kutaka, na mfyatuo wa pili unaweza kutoka mtutu ukiwa umeelekea juu au nyuma. Ajali za namna hiyo zimewahi kuua. Risasi moja, kisha moja tena, mpaka uone bastola inarudi shabahani kwa utulivu.

Sikiliza kila mlio. Ukisikia mlio hafifu na teke likawa dogo kuliko kawaida, acha hapo hapo. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata inaweza kuipasua bastola. Ielekeze mbele, itoe risasi zote, upitishe ufito wa kusafishia kwenye mtutu kabla ya kufanya jingine lolote. Nyundo ikianguka bila mlio, subiri nusu dakika mtutu ukielekea shabaha kabla hujafungua. Na maganda yaliyofyatuliwa yakigoma kutoka kwenye silinda, shinikizo limezidi: usifyatue zilizobaki kwenye fungu hilo, zirudishe mezani uzivunje.

Kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, ni kifaa chenye faida kuliko mapambo yote ya bastola. Kitabu kinakupa kasi waliyoipata wao. Kronografu inakuambia yako, na kasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha teke ulilonalo na jinsi risasi itakavyoshuka kwa umbali.

Pima umbali wako kabla ya msimu

Kwa mwindaji, kazi yote hii inaishia kwenye mwili wa mnyama. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa mkia mweupe ni kama upana wa sahani ya sentimita 20. Kichwa kizito cha madini magumu ya risasi chenye ncha bapa, kikienda futi 1,000 kwa sekunde na kupigwa mahali pake kwa umbali mfupi, hupenya vizuri. Risasi ya futi 1,350 iliyopigwa na mkono ulioshtuka humvunja mnyama nyonga na kumwacha ateseke usiku kucha. Hilo ni deni la mwindaji, na hakuna kaliba inayolilipa. Hakikisha pia kanuni za jimbo lako zinaruhusu bastola, kaliba hiyo na urefu huo wa mtutu, kwani hutofautiana.

Weka sahani ya karatasi ya sentimita 20 umbali wa mita 25. Simama au piga goti kama utakavyokuwa msituni, bila meza, ufyatue silinda moja ya risasi utakayowindia. Zikiingia zote, sogeza sahani nyuma mita 5 urudie, siku nyingine na tena nyingine. Mahali ambapo risasi moja inaanza kutoka nje ya sahani, umbali wako ni huo ukipunguza mita 5. Ukitaka kuuongeza, jaribu kwanza kushusha kasi ya risasi: wengi hukuta kwamba risasi laini zaidi inawafikisha mbali zaidi. Ukishaipata risasi hiyo, acha kutafuta nyingine. Jaza za kutosha msimu mzima, uandike kwenye kisanduku kipimo chake na umbali wako, na mnyama akisimama kupita umbali huo, usifyatue.